Alhamisi ya Mjitoleaji
Dominika ya 16 ya Mwaka B



Injili ya Dominika hii ni fupi, aya tano tu, nayo tunaipata kwa Mtakatifu Marko katika sura ya sita. Mitume wamerudi kutoka katika safari yao ya kwanza ya kuhubiri. Bwana alikuwa amewatuma wawili wawili, bila mkate wala mkoba wala fedha. Sasa wamerejea na vumbi miguuni, na kila mmoja ana lake la kusimulia. Tungetazamia kwamba Bwana angewapangia mara safari ya pili, kwani watu waliowajia walikuwa wengi mno hata hawakupata nafasi ya kula. Yeye hakufanya hivyo. Aliwaita waje kando pamoja naye, mahali pasipokuwa na watu, ili wapumzike kidogo.

Sisi wahubiri tuna desturi ya kulipita neno hilo upesi. Twakimbilia ule mkutano mkubwa uliowatangulia ng'ambo, wale kondoo wasio na mchungaji, kwa maana hapo ndipo tunapopata nafasi ya kuwahimiza waamini wafanye kazi zaidi. Leo nawaombeni tusiteremke haraka hivyo. Tubaki kwanza ndani ya mashua.

Ili kunisaidia katika jambo hili, nitawapeleka mbali, mpaka India, katika mji wa Kolkata, ambao hadi mwaka 2001 uliitwa Calcutta. Wengi wenu mwajua kwamba ndiko alikoishi Mtakatifu Teresa, Mama wa Maskini. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akafika India mwaka 1929 akiwa mtawa kijana wa shirika la Loreto, akafundisha shule kwa miaka mingi, kisha mwaka 1950 akaanzisha shirika lake la Wamisionari wa Upendo. Mwaka 1952 alifungua huko Kalighat, karibu na hekalu la mungu wa kike Kali, nyumba ya kuwapokea watu waliokuwa wakifa barabarani. Alifariki tarehe 5 Septemba 1997, naye akatangazwa mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016. Hayo mmeyasikia. Ambalo pengine hamkulisikia ni desturi moja ndogo ya wale wanaokwenda kuwasaidia masista wake kwa kujitolea.

Watu hao hutoka pande zote za dunia: wanafunzi, walimu, wazee waliostaafu, Wakristo na wasio Wakristo. Asubuhi na mapema, saa kumi na mbili, wanaopenda huhudhuria Misa pamoja na masista katika Nyumba Mama. Baada ya Misa hupewa chai, mkate na ndizi, kisha hutawanyika kwenda katika nyumba mbalimbali mjini, mmoja kwa watoto, mwingine kwa wagonjwa, mwingine kwa wazee. Huko hufua nguo kwa mikono, husugua sakafu, huosha vyombo, hulisha wasioweza kujilisha. Ni kazi zile zile anazozijua kila mama anayenisikiliza. Hufanya hivyo siku zote za juma, hata Dominika, isipokuwa Alhamisi. Siku ya Alhamisi mjitoleaji haendi kazini. Wagonjwa hawaachwi peke yao, kwani wapo masista na watumishi wa nyumba; lakini yeye mjitoleaji huambiwa apumzike.

Nilisimuliwa habari za Alhamisi hizo na mama mmoja wa huku kwetu, muuguzi aliyestaafu baada ya kuhudumu miaka mingi katika hospitali za misheni. Mwanawe aliye ng'ambo alimlipia nauli, naye akakaa Kolkata kwa miezi mitano. Mama huyo si mtu wa kupumzika. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajapata kulala mchana isipokuwa alipojifungua. Basi katika juma la kwanza, Alhamisi ilipofika, alijiona kama mtu aliyefukuzwa kazi. Alifagia chumba chake mara mbili. Alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Saa nne akawa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, akiutazama ukuta.

Baadaye alianza kutoka. Alishuka mpaka mto Hooghly, ambao ni mkono wa mto Ganges, akaliona lile daraja la Howrah, lililofunguliwa mwaka 1943, refu na zito, lote la chuma, ambalo umati wa watu hulivuka kila siku wakiwa na mizigo vichwani. Chini ya daraja hilo kuna soko la maua. Alinisimulia kwa kirefu, na macho yake yaking'aa, juu ya mafungu ya maua ya rangi ya machungwa na ya manjano, yaliyotungwa kama kamba nene za meli na kubebwa mabegani na wanaume. Alikunywa chai kando ya barabara katika kikombe kidogo cha udongo, ambacho mtu akimaliza hukitupa chini kivunjike, kirudie udongo. Kwa mama aliyeosha vyombo maisha yake yote, jambo hilo la kuvunja kikombe makusudi lilimchekesha sana.

Lakini mahali alipopapenda kuliko kote ni bustani ya mimea iliyoko Shibpur, ng'ambo ya mto, iliyoanzishwa mwaka 1787. Siku hizi ina jina la Jagadish Chandra Bose, yule mtaalamu wa Kibengali aliyechunguza maisha ya mimea. Na barabara ilipo Nyumba Mama ya masista nayo imepewa jina lake. Humo bustanini mna mti mmoja wa jamii ya mikuyu, wenye umri wa miaka zaidi ya 250. Mti wa namna hiyo huteremsha mizizi kutoka katika matawi yake. Mizizi ikigusa ardhi hushika, hunenepa, na kuwa kama nguzo. Mti huo una nguzo za namna hiyo zaidi ya elfu tatu, nao umeenea juu ya eneo linalozidi hekta moja. Anayeutazama kwa mbali hudhani ni msitu. Basi, wapendwa, shina la asili la mti huo halipo tena. Dhoruba kali za mwaka 1864 na 1867 ziliujeruhi, kisha kuvu ukaushambulia, na mwaka 1925 ikabidi shina lile likatwe na kuondolewa. Mti haukufa. Unaendelea kuota na kuenea mpaka leo. Mama yule aliketi chini ya kivuli chake Alhamisi nyingi, na chakula chake katika mfuko, akisali rozari au asifanye lolote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwaletee habari hii.

Katika mwezi wake wa tatu, majira ya mvua, mama huyo alikuwa akimhudumia bibi mmoja katika nyumba mojawapo ya masista. Hawakuelewana lugha hata neno moja. Alimlisha uji wa mchele kwa kijiko, akampaka mafuta mikononi na miguuni, na yule bibi alikuwa na tabia ya kumshika kifundo cha mkono na kutokiachia mpaka usingizi umpate. Jumatano moja alasiri mama alimtazama bibi huyo kwa macho ya muuguzi wa miaka mingi. Pumzi ilikuwa imebadilika. Aliijua pumzi ile. Akamwendea sista mkubwa wa nyumba, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa tatu, akamwomba ruhusa ya kuja kesho yake, ijapokuwa ni Alhamisi. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkatalia kwa upole. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe atakaa na bibi, na kwamba mama aende akapumzike kama wenzake.

Mama alikwenda Shibpur akiwa na uchungu moyoni. Chini ya mti wake hakuweza kusali. Mvua ilimkuta njiani akirudi, mvua ile ya India ambayo katika saa moja hugeuza barabara kuwa mto, na ijumaa asubuhi alipofika kazini alikuta kitanda kimetandikwa upya na mgonjwa mwingine amelala juu yake. Bibi alikuwa amefariki siku ya Alhamisi, saa kumi jioni. Sista alikuwa amemshika mkono.

Je, sista alifanya vibaya kumkatalia? Najua wako kati yenu wanaosema ndiyo. Siwalaumu, kwani nami niliposimuliwa mara ya kwanza nilisema hivyo moyoni. Kanuni ni kitu gani mbele ya mtu anayekufa? Na Bwana wetu mwenyewe, je, katika Injili hii hii, hakuacha mapumziko yake kwa ajili ya watu?

Tuisome vizuri basi. Ni kweli kwamba Yesu, aliposhuka mashuani na kuuona mkutano, aliwahurumia, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Lakini angalieni kwamba Marko anamtaja Yesu peke yake. Anayeona ni yeye, anayehurumia ni yeye, anayefundisha ni yeye. Mitume hawatajwi mpaka jioni, wanapokuja kumwambia awaage watu wakatafute chakula. Mchungaji alikuwapo, kwa hiyo wao waliweza kuketi. Mapumziko waliyoahidiwa hawakunyimwa; waliyapata, ingawa yalikuwa mafupi, kwanza katika ule mwendo wa mashua, na pengine baadaye juu ya majani mabichi, wakati mwingine alipokuwa akifanya kazi waliyodhani haiwezekani bila wao.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa siku ya mapumziko kwa mtu mwema. Mvivu hapati taabu na Alhamisi. Anayepata taabu ni yule anayependa, yule mwenye bidii, anayeamini kabisa kwamba yule bibi ni wake. Mama huyo aliniambia kwamba kilichomwuma siku ile hakikuwa kwamba bibi amekufa, kwani yeye amewafumba macho wengi. Kilichomwuma ni kwamba bibi alikuwa ameshika mkono mwingine, na mkono ule ulimtosha.

Nadhani mtu anaweza kujitolea kwa mali yake, kwa nguvu zake na kwa muda wake wote, na bado akabaki amejiwekea kitu kimoja chini ya ulimi, yaani wazo kwamba bila yeye kazi itasimama. Alhamisi huja kumdai hicho. Masista wa Mama Teresa walilijua jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1973, kazi zao zilipokuwa nyingi na maombi ya kufungua nyumba mpya yakija kutoka kila upande, waliamua kuongeza kila siku saa moja nzima ya kuabudu Ekaristi Takatifu. Kwa hesabu ya duka, hiyo ilikuwa saa moja iliyopotea kwa maskini kila siku, kwa kila sista. Wao hawakuhesabu hivyo.

Wataalamu wa Maandiko hutukumbusha pia kwamba, katika kitabu cha Mwanzo, mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa siku ya mapumziko. Alikuwa hajalima hata tuta moja, naye alikwisha kualikwa kupumzika pamoja na Mungu.

Lakini sijamaliza habari za Alhamisi ile, na sehemu hii ndiyo inayonisumbua zaidi mimi mwenyewe. Mama alipotoka Shibpur chini ya mvua, basi lilimshusha mbali na nyumba aliyopanga. Maji yalifika magotini. Akaja mzee mmoja akikokota kigari cha magurudumu mawili, akigonga kikengele kidogo kwa kidole. Ndizo zile riksho za Kolkata zinazovutwa na mtu mwenyewe kwa miguu yake. Mwaka 2006 baraza la kutunga sheria la jimbo la West Bengal lilipitisha muswada wa kuziondoa, kwa sababu ni aibu mwanadamu kumvuta mwanadamu mwenzake. Lakini wakokotaji wenyewe walipinga, wakiuliza watakula nini, shauri likaenda mahakamani, na riksho zikaendelea. Mama alisita. Mkokotaji alikuwa mzee kuliko yeye, miguu mitupu, nguo imemgandama mwilini. Apande, amfanye mzee huyo punda wake siku ambayo yeye anapumzika? Aache kupanda, mzee akose chakula cha jioni? Alipanda. Alipofika alimlipa zaidi ya alichodai, na kwa kuwa palikuwa na kijana muuza chai aliyejua Kiingereza kidogo, akamwomba amwulize mzee siku yake ya kupumzika ni ipi.

Kijana alicheka, lakini akauliza. Mzee akajibu kwamba hana siku. Akaeleza kuwa siku za mvua kama ile ndizo siku nzuri, kwani magari hukwama na kila mtu humtafuta yeye. Hupumzika anaporudi kijijini kwao Bihar wakati wa mavuno, yaani anapokwenda kuvuna.

Wasikilizaji wapendwa, amri ya Sabato tumepewa mara mbili. Katika kitabu cha Kutoka sababu yake ni kwamba Mungu aliumba ulimwengu akastarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, sababu ni nyingine: Waisraeli wanaamriwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Na ndiyo maana hapo Musa anataja kwa majina wale wote wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Anarudia tena, mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao. Kwa Musa, siku ambayo mimi nimelala kivulini na mwingine ananikokotea kigari bado haijawa Sabato kamili.

Haya tuyalete nyumbani. Leo Dominika, baada ya Misa ya pili, familia nyingi hupokea wageni. Baba amevua koti, mama anaongea na shemeji zake, watoto wanacheza uani. Jikoni yumo msichana wa kazi, naye kwake Dominika ndiyo siku nzito kuliko zote, kwa sababu sufuria ni kubwa na watu ni wengi. Je, alikwenda Misa? Ana siku yake katika juma, inayojulikana, asiyopaswa kuiomba kila mara kama mtu aombaye mkopo? Na mlinzi wa parokia, yule anayefungua lango sote tuingie kuadhimisha siku ya Bwana, zamu yake hupokewa na nani? Nawauliza na mapadre wenzangu pia.

Kisha kuna makatekista, na hapa naongea na mabaraza ya walei. Katika vigango vyetu vya mbali katekista ndiye anayeongoza ibada Dominika padre asipofika, ndiye anayefundisha wakatekumeni Jumatano na Ijumaa, ndiye anayeamshwa usiku mtu akizidiwa, ndiye anayezika. Siku nyingine zote ni za shamba lake, ambalo magugu hayamsubiri. Mke wake angeweza kutueleza mengi kuliko mimi. Tumezoea kumsifu siku ya sherehe na kumpa kanzu mpya au mbuzi, na hayo ni mema. Lakini sijaona baraza likikaa, likaandika katika daftari lake kwamba siku fulani ya juma katekista wetu haitwi, na kwamba siku hiyo mzee fulani na mama fulani watashika zamu yake, hata kwa kuzika. Litakuwa jambo gumu, na la kwanza kulipinga atakuwa katekista mwenyewe. Atasema, kama yule mama, kwamba kuna mgonjwa mmoja tu ambaye hawezi kumwacha. Mwambieni kwa upole kwamba mtakaa naye ninyi.

Na yule mama muuguzi, mtu ataniuliza, alifanyaje baada ya hapo? Ijumaa ile alimlisha mgonjwa mpya aliyelala katika kitanda cha bibi, mwanamke kijana aliyekuwa hataki kula. Alhamisi iliyofuata, aliniambia, alilala hadi saa mbili asubuhi, akafua nguo zilizokuwa chafu kweli, akanunua ndizi, na kabla ya kwenda Shibpur akapitia kwa kijana muuza chai kumwuliza kama yule mzee ameonekana. Hakuwa ameonekana. Alimwachia kijana fedha ya nauli mbili, ili mzee akipita apewe, naye siku hiyo asimkokote mtu.

Tumsifu Yesu Kristo.